Moja Katika Kumi

Tarehe 19 Agosti 2003, watoto wa Pemba waliokuwa kwenye utafiti wa madini ya chuma waliachishwa vidonge vyao. Uamuzi ule ulitokana na kamati huru ya usalama, watu ambao sisi wa kisiwani hatukuwajua hata kwa sura, lakini wao waliruhusiwa kutazama takwimu kabla ya mtu mwingine yeyote. Utafiti wenyewe ulikuwa mkubwa kupita yote niliyowahi kuyaona. Watoto zaidi ya 24,000, wa umri wa mwezi 1 hadi 35, walikuwa wamegawiwa makundi kwa bahati nasibu. Wengine walipewa chuma na asidi ya foliki, wengine hivyo hivyo pamoja na zinki, wengine kidonge kisicho na dawa. Mama alikuwa akimpa mwanawe kila siku bila kujua anampa kipi, na aliyemletea hakujua pia. Kamati ikatazama, ikaona waliopewa chuma wanalazwa na kufa zaidi ya wenzao. Zinki ikaendelea kupimwa, chuma kikakoma.

Msomaji wa leo huenda asione ajabu. Lakini muulize mtu yeyote aliyekuwa akifanya kazi za afya Pemba miaka ile. Upungufu wa damu tulikuwa tukiuona kwa macho, kwenye kope na viganja vya watoto. Rebecca Stoltzfus na wenzake walikwishaonyesha, kwa wanafunzi wa skuli zetu, jinsi minyoo ya safura inavyofyonza damu na kumwachia mtoto upungufu wa chuma. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilikuwa likishauri watoto wadogo wa nchi kama yetu wapewe chuma. Kwa hivyo wengi tuliuchukulia utafiti ule kama wa kuthibitisha jambo linalojulikana, mradi takwimu ziwepo.

Mimi wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa uzamili, nimepewa kimeza pembeni mwa chumba katika Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, pale Wawi, Chake Chake. Maabara ile ilifunguliwa mwaka 2000 na ikapewa jina la mwanasayansi wa Kiitalia wa mambo ya vimelea. Utafiti wa chuma haukuwa wangu, wangu ulikuwa mdogo, wa safura kwa watoto wa skuli. Lakini tulikunywa chai pamoja na waliokuwamo, na habari ilipofika nilitaka kuona wakubwa watafanya nini. Nilidhani patakuwa na ubishi, au watu watatafuta wa kulaumiwa. Wakaanza kupanga mafaili. Mzee mmoja wa darubini, aliyenifunza kazi tangu sijawa na cheti chochote, alisema tu, "Hiyo ndiyo faida ya kukaguliwa, mwanangu," akarudi kwenye slaidi zake.

Kukaguliwa nilikuwa nimekuzoea kabla sijafika chuo kikuu, na nilikuzoea kwenye choo cha watoto. Naomba radhi kwa anayesoma huku anakula, lakini hakuna namna ya kuieleza taaluma yangu bila hicho.

Mpango wa kutibu minyoo kwa wanafunzi wote wa skuli za Zanzibar ulianza mwaka 1994. Kabla ya hapo, tangu miaka ya 1980, Pemba ilikuwa na mpango wa kichocho alioshiriki Lorenzo Savioli, ambaye baadaye alikwenda Shirika la Afya Duniani na kuongoza kazi za magonjwa yaliyosahauliwa. Mimi niliingia katikati ya miaka ya 1990 kama msaidizi, binti wa Kangani aliyemaliza kidato cha nne na anayeandika mwandiko unaosomeka. Hiyo ya mwandiko ndiyo iliyonipa kazi. Tulikuwa tukigawa vikopo skuli leo, kesho alfajiri tunavifuata. Msimu wa karafuu ulikuwa mgumu, maana watoto walikuwa juu ya mikarafuu au chini yake wakiokota mpeta, na mwalimu anakusomea daftari la mahudhurio lenye mashimo.

Njia tuliyotumia ni ya Kato-Katz, na inatumika hadi leo. Unachuja choo kwenye wavu, unakijaza kwenye tundu la kibao kidogo cha plastiki, unakiacha juu ya kioo, kisha unakifunika kwa kipande cha selofeni kilicholowekwa kwenye gliserini yenye rangi ya kijani. Gliserini inaking'arisha choo, mayai ya minyoo yanaonekana. Unahesabu yote, unazidisha kwa 24, unapata idadi ya mayai kwa gramu. Lakini mayai ya safura hayasubiri. Ndani ya nusu saa hadi saa nzima gliserini inayang'arisha nayo mpaka yanapotea machoni, wakati mayai ya mchango na ya minyoo mijeledi bado yapo pale pale yanakutazama. Anayetandaza slaidi nyingi kwa mpigo kisha akaenda kunywa chai, akirudi atakuta kisiwa kizima kimepona safura.

Ndiyo maana ukaguzi haukuwa hiari. Katika kila slaidi kumi, moja ilichukuliwa na kusomwa upya na mtu mwingine ambaye hakuonyeshwa hesabu ya kwanza. Ilitakiwa isomwe mara moja, kwa sababu niliyoitaja. Hesabu zikipishana kupita kiwango kilichowekwa, wote wawili wanakaa na wa tatu anaitwa. Mwanzoni nililiona jambo lile kama kushukiwa. Kilichonituliza ni kuona slaidi za yule mzee nazo zinakaguliwa, tena wakati mwingine na mimi, mtoto mdogo, na yeye anasogea kwenye kigoda bila neno ili nikae.

Nilipopata nafasi ya uzamili, baada ya stashahada na shahada zilizonichukua miaka mingi kuliko wenzangu wa mjini, nilikwenda Dar es Salaam, Muhimbili, wakati huo ikiwa bado chuo kikuu kishiriki. Darasani nilipata nilichokikosa Pemba: hesabu za uwezekano, jinsi ya kupanga ukubwa wa sampuli, jinsi ya kutenganisha sababu na sadfa. Sitalirefusha hili, vitabu vipo. Ninachokikumbuka zaidi ni siku niliyompelekea msimamizi wangu rasimu ya kwanza ya pendekezo la utafiti. Nilikuwa nimeandika kwa kujiamini kabisa kwamba hesabu ya mayai itazidishwa kwa 24. Akaweka kidole pale. "Na 24 imetoka wapi, dada?"

Nilikuwa nimezidisha kwa 24 miaka na miaka. Jibu si gumu: tundu la kibao linabeba choo cha miligramu 41.7, na ukizidisha mara 24 unafika gramu moja. Nilijua hivyo, nikamjibu. Akauliza tena, "Na choo laini na choo kigumu, vyote vinakaa miligramu 41.7 kwenye tundu moja?" Hapo ndipo uzamili wangu ulipoanza. Hakutaka niiache njia ile, hakuna mwenye nyingine iliyo rahisi kama hiyo. Alitaka niandike kwenye pendekezo, kwa maneno yangu, kwamba namba nitakayoileta ni makadirio, na kwamba mtoto mwenye minyoo michache anaweza kutoka kwenye slaidi moja akionekana hana kabisa, kwa kuwa mayai hayatoki sawa kila siku. Kwa hiyo nikapanga kuchukua choo cha siku zaidi ya moja. Gharama ikapanda, nikapunguza skuli. Maamuzi yote ya namna hiyo ilibidi niyaeleze kwa sentensi ambayo mtu asiyenijua ataielewa. Kuandika vile kulinishinda kwa muda mrefu. Sisi tumelelewa kuzungumza na mtu anayetujua.

Kusoma kazi za wengine kulikuwa na taabu yake. Majarida yalikuwa yakifika kwa bahasha, kwa hisani ya mtu aliyekwenda Ulaya akarudi na nakala za fotokopi. Mwezi Januari 2002 ulianzishwa mpango wa HINARI, Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa, ukaziruhusu taasisi za nchi maskini kusoma kwenye intaneti majarida zaidi ya elfu moja bure au kwa bei ndogo. Sijui kama vijana wa leo wanaweza kuelewa jambo hili lilivyokuwa kwetu. Nilikuwa nikikaa mbele ya kompyuta nikingoja ukurasa ufunguke mstari kwa mstari, na nikishaupata sikuthubutu kuusoma kwenye kioo. Nauhifadhi kwenye disketi kwanza, maana umeme wa Pemba zama hizo ulikuwa wa mashine za dizeli na haukuaga ukiondoka. Waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulitufikia mwaka 2010.

Kwa sababu hiyo hiyo ya umeme, na zaidi kwa ajili ya kunasa makosa, takwimu zangu ziliingizwa kwenye kompyuta mara mbili. Mtu mmoja anaingiza fomu zote, mwengine anaziingiza upya bila kutazama kazi ya mwenzake, kisha programu inalinganisha na kutoa orodha ya mahali mlipopishana. Unarudi kwenye karatasi. Kazi hii hakuna anayeipenda. Wanafunzi wenzangu Dar es Salaam walinicheka kwa kuifanya kwa utafiti mdogo kama wangu, lakini mimi nilitoka kwenye chumba ambamo hata mzee alikuwa akisogea kwenye kigoda.

Ukaguzi mgumu kuliko wote haukuwa wa maabara. Kuingia shehia kunataka sheha, na sheha anataka kujua, na akishajua anaita wazee ambao nao wanataka kujua. Karatasi ya ridhaa niliyoiandika chuoni ilikuwa kurasa kadhaa za Kiswahili kilichonyooka, kimepitishwa na kamati ya maadili. Niliisoma mbele ya wazazi kwenye baraza ya skuli. Nilipomaliza, bibi mmoja akauliza, "Mwanangu, damu mnayotoa inakwenda wapi?"

Habari za mumiani haziko mbali na Pemba. Ukidharau swali kama lile umeshaondoka kijijini, hata kama bado umesimama pale. Nikamjibu kwamba ni tone moja la kidoleni, linaingia kwenye mashine ndogo inayosoma wingi wa damu, na kipande cha plastiki kilicholibeba kinachomwa moto. Akasema anataka kuiona mashine hiyo. Nikaitoa. Akataka kuona inavyofanya kazi, lakini si kwa mtoto. Nikajitoboa mwenyewe. Namba ikatoka, akaitaka maana yake, nikamwambia. "Kumbe nawe damu kidogo," akasema, na baraza zima likacheka. Wazazi waliotia saini siku ile walisaini baada ya swali la bibi, si baada ya kurasa zangu. Nilirudi nikaiandika upya karatasi ya ridhaa, nikaanza na damu inakokwenda. Kamati ilihitaji kuipitisha tena, na nikangoja.

Katika miezi hiyo hiyo kulikuwa na matokeo mengine maabara ambayo mimi nayahesabu kuwa mwalimu wangu kuliko kozi yoyote. Marco Albonico, Mahdi Ramsan na wenzao walikuwa wamepima upya mebendazole, dawa tuliyokuwa tukiigawa skulini mwaka baada ya mwaka. Makala yao ilitoka mwaka 2003 katika jarida la Shirika la Afya Duniani. Walikuta kwamba kwa safura dawa ile ilikuwa imeshuka nguvu ikilinganishwa na ilivyopimwa miaka iliyotangulia: watoto waliopona kabisa walikuwa wachache sana, na mayai yalipungua kwa nusu hivi. Hawakusema moja kwa moja kwamba minyoo imekuwa sugu, walisema yapo mashaka na yafuatiliwe.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilikereka. Kwa nini wasiseme? Sote maabara tulikuwa na fikra ile. Nikaenda kuuliza, nikaonyeshwa kwamba safura Pemba ni za aina mbili, mayai yao hayatofautiani chini ya darubini, na aina moja huenda inastahimili dawa kuliko nyenzake kwa maumbile tu. Kama baada ya miaka ya kutibu aina hiyo ndiyo iliyobaki kwa wingi, utaona dawa imedhoofika bila mnyoo hata mmoja kubadilika. Sentensi ile iliyonikera kwa uoga wake ilikuwa imebeba maarifa kuliko ambayo ningeiandika mimi. Tangu hapo tasnifu yangu niliichuja upya kutoka mwanzo, nikatoa kila "bila shaka" na kila "ni wazi kwamba". Ilipungua kurasa.

Tasnifu ilipita. Wakati huo habari ya chuma ilikuwa bado ndani, inachambuliwa. Ilichapwa Januari 2006 kwenye Lancet, na Sunil Sazawal wa Johns Hopkins ndiye wa kwanza kwenye orodha ya waandishi. Kati ya waliofuata walikuwa Mahdi Ramsan na Hababu Chwaya, na hilo la majina nalitaja kwa makusudi, maana zipo tafiti nyingi za Afrika ambazo wenyeji wake huishia kwenye aya ya shukurani. Watoto waliopewa chuma walikuwa na uwezekano wa kufa au kulazwa kwa maradhi makali uliozidi wa wenzao kwa asilimia 12. Utafiti mwenza wa Nepal, ambako malaria si tatizo la kila siku kama ilivyokuwa kwetu, haukuona madhara hayo. Na ndani ya Pemba kwenyewe, katika kundi dogo lililochunguzwa kwa karibu na kutibiwa malaria mapema, watoto waliokuwa wamepungukiwa chuma kweli walinufaika nacho. Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake: palipo na malaria nyingi, usimpe kila mtoto mdogo chuma bila kujua hali yake na bila kinga na tiba ya malaria.

Nilikuwa miongoni mwa tulioulizwa mitaani. Mama mmoja, jirani yangu, mwanawe alikuwa kwenye utafiti na yuko salama, alinisimamisha njiani. "Kumbe mlikuwa hamjui?" Nikamwambia hatukujua. "Na kabla ya utafiti, hospitali wakituandikia chuma, walikuwa wanajua?" Nikamwambia nao hawakujua. Akatikisa kichwa, akasema afadhali nyinyi mlikuwa na watu wa kuwakataza. Nimehudhuria mikutano ya kitaaluma nchi kadhaa, na sijasikia kamati ya usalama ikielezwa vizuri kuliko hivyo. Hata hivyo sidai kwamba alinisamehe, maana kwa miezi kadhaa salamu zake zilikuwa fupi.

Wanafunzi ninaokutana nao Wawi siku hizi wana shida nyingine kabisa. Kati ya 2011 na 2017 ulifanyika mradi wa kujaribu kukomesha maambukizi ya kichocho Zanzibar. Shehia 45 za Pemba na 45 za Unguja zilipewa dawa mara kwa mara, na baadhi yao ziliongezewa kuua konokono wa mabwawani au kufunza watu tabia mpya za kutumia maji na vyoo. Kichocho hakikuisha, lakini kilipungua sana sehemu nyingi. Malaria nayo, baada ya dawa mseto na vyandarua, si ile niliyoikuta mimi. Kwa hiyo kijana wa uzamili anaweza kuchuja mikojo kutwa nzima asione yai hata moja. Jicho linachoka kwa kutoona kuliko linavyochoka kwa kuhesabu, na yai moja likitokea baada ya mamia ya vichujio vitupu ndilo linaloamua kama shehia hiyo itapelekewa timu au itaachwa.

Mwaka jana mmoja wao, binti wa Wete anayesoma Dar es Salaam, aliniomba nimpitie ukaguzi kwa kuwa mwenzake alikuwa mgonjwa. Nilimwambia nimeshastaafu na miwani yangu ni ya zamani. Akasema basi nitasoma moja katika kumi tu. Nikakaa. Katika kichujio kimoja niliona yai, yeye alikuwa ameandika sifuri. Hakubisha na hakukubali. Alinisogeza kidogo, akatazama mwenyewe kwa muda, akasema anaona kitu lakini haoni ule mwiba wa nchani. Akatoka nje kwenda kumwita wa tatu.